Mwaka Tulipopaka Nyumba Dawa Nyeusi

Nyumba yetu ya kwanza pale Goma ilikuwa ya mbao, kama karibu nyumba zote za mtaa ule. Ardhi yenyewe ni mawe meusi yaliyotoka mlimani yakiwa moto, na udongo wa kufyatulia matofali haupatikani karibu. Watu walipanga mawe yakawa msingi, wakalaza magogo juu yake, kisha wakapigilia mbao kutoka chini hadi paa. Bwana yangu aliijenga mwenyewe, jioni baada ya kazi na Jumamosi mchana. Alikuwa seremala bandarini, akitengeneza maboti na kubadilisha mbao za gati zilizooza. Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na mimi nilikuwa bado msichana kwa umri ingawa nilikuwa tayari mke wa mtu.

Yeye alikuwa Munande, wa upande wa Butembo. Mimi nilizaliwa katika vilima vya Rutshuru, kwa watu wanaosema Kinyarwanda, na tulionana alipokuja kwetu kutengeneza mabenchi ya shule ya misheni. Baba alikuwa amekwisha kufa. Wajomba zangu hawakumtaka kijana huyu aliyetoka mbali, asiyejua lugha yetu, asiye na ng'ombe. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema tu, "Kwao ni mbali," akaendelea kuchambua maharage. Mahari ilipokubaliwa mwishoni, alinifunga kitambaa kichwani kwa mikono yake na kunisindikiza mpaka barabarani. Lakini Goma hakuja. Mwaka mzima ulipita, na hata mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa, msichana, mama alikuwa bado hajaiona nyumba ninayolala.

Halafu mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akinunua maharage kule kwetu alituletea neno. Mama alisema kwamba wakimaliza kuvuna atakuja kumwangalia mjukuu.

Siku hiyo bwana yangu alitoka nje akazunguka nyumba polepole, mikono nyuma, kama mtu anayeangalia nyumba ya mwingine. Mbao zilikuwa za kaliptusi, na tangu azipigilie hazikuwa zimepakwa kitu. Jua la Goma ni kali kuliko linavyoonekana, na mvua inayopigwa na upepo wa ziwani inaingia kila mahali. Upande wa ziwa mbao zilikuwa zimegeuka kijivu kama majivu ya jana. Kwenye ncha zilikuwa zimepasuka.

"Mama hawezi kukuta nyumba iko hivi," alisema. "Atafikiri binti yake anaishi ndani ya sanduku la sabuni."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Kulikuwa na njia mbili za kupaka mbao za nje, kwa watu wa kipato chetu. Ya kwanza ilikuwa dawa nyeusi inayotokana na lami, ile waliyoitumia bandarini kwenye nguzo za gati. Ilizuia maji, ilifukuza wadudu, na ilidumu miaka. Ya pili ilikuwa mafuta ya kitani yaliyochanganywa na udongo mwekundu uliopondwa na kuchujwa kwa kitambaa. Hiyo niliijua kwa sababu mapadri wa kwetu walipaka hivyo madirisha ya kanisa, na udongo wenyewe ulitoka kwenye kilima chetu. Mimi niliitaka hiyo. Niliwaza mama akishuka kwenye lori na kukuta rangi ya kwao ikimsubiri ukutani.

Bwana yangu hakubishana nami. Alikata vipande viwili vya ubao uleule, akakipaka kimoja dawa nyeusi na kingine mafuta yangu mekundu, akavipigilia kwenye nguzo ya uzio, upande unaopigwa na mvua. Vilikaa hapo msimu wote wa masika. Mwanzoni changu kilikuwa kizuri mno. Kilikuwa na rangi ya buni iliyoiva, na nyuzi za ubao zilionekana ndani yake kama mistari ya kiganja. Majirani waliopita walikigusa. Lakini mvua zilipokaribia kwisha kilikuwa kimepauka, na vidoadoa vya ukungu vilikuwa vimeingia kwenye pembe. Kipande chake kilikuwa kama siku ya kwanza. Ukikimwagia maji, maji yanateleza.

Aliniita nikaangalie.

"Ya kwako ni muzuri sana," alisema. "Lakini ni uzuri wa mwaka moja. Mwaka kesho tunaanza tena, na mwaka wa nyuma yake tena."

"Na hii ya kwako inanuka, Papa."

"Harufu inaisha. Wiki kadhaa, inaisha. Mama anakuja kisha mavuno. Hapo haitanuka kitu."

Nilikubali. Nakumbuka kwamba nilikubali bila kinyongo, kwa sababu alikuwa na haki, na vipande viwili vilikuwa pale mbele ya macho yangu. Tena alinipa kitu. Alisema kuta tutazipaka dawa yake, ila mlango na mbao za madirisha nizipake mimi mafuta yangu mekundu, maana hizo zimekingwa na ukingo wa paa na mvua haizifikii sana. Basi tukaelewana hivyo, na nikaona tumepata vyote viwili.

Shida ilikuwa mvua. Mwaka ule masika yalikataa kwisha. Mbao zikiwa na maji ndani hazinywi dawa. Inabaki juu juu, na jua likiwaka inatoka kama jasho. Kwa hiyo tulisubiri. Kila asubuhi kabla ya kwenda bandarini alikuwa akiweka kiganja ukutani na kusikiliza baridi yake. "Bado," alikuwa akisema. Wiki ikapita, nyingine ikapita. Lilipofika jua la kweli tulikuwa tumechelewa, lakini tulihesabu kwamba maharage ya kule juu nayo yangechelewa, kwa kuwa mvua ilikuwa moja.

Tuliifanya kazi ile pamoja. Mtoto tulimpeleka kwa jirani, mama mmoja aliyekuwa na watoto wake wadogo. Kwanza tuliosha kuta kwa sabuni na brashi ya katani mpaka ule ukijivu ukatoka, tukaziacha zikauke, tukapiga msasa mahali palipochomoza nyuzi. Bwana yangu alizimua dawa kwa mafuta ya taa kidogo, ili isiwe nyeusi kabisa, iwe kahawia kama kahawa iliyokaangwa. Aliweka debe juani lipate joto, kwa sababu dawa yenye joto inaingia ndani zaidi. Akaanza juu, chini ya mabati, akishuka, ili matone yasichafue mahali palipokwisha kupakwa. Aliuchukua ubao mmoja akaufuata mpaka mwisho wake, bila kusimama katikati, maana ukisimama na kurudia baadaye panabaki alama nyeusi ambayo haitoki tena. Mimi nilimfuata nyuma na kitambaa, nikifuta ile iliyobaki bila kuingia.

Wanaume waliopita njiani walituangalia. Mmoja alisema, "Papa, siku hizi umeandika bibi yako kazi?"

"Yeye njo kapita," alijibu bwana yangu bila kugeuka. "Mimi ni mufanyakazi."

Kapita ndiye msimamizi wa kazi, na nilifurahi kwa hilo jibu kwa siku nyingi. Shingo yake ilikuwa imeungua, kwa sababu dawa ile ikigusa ngozi na jua likaipiga inachoma kama upupu, na jioni nilimpaka mafuta ya mawese huku akiuma meno. Alikuwa mtu wa maneno machache. Kupaka nyumba ndiko kulikonionyesha jinsi alivyotaka mama yangu amkubali. Kwenye ncha za mbao, ambako ubao unakunywa kuliko mahali pengine, alirudia mara nyingi mpaka ukashiba. Hata ukuta wa nyuma, unaotazama choo, aliupaka kwa uangalifu uleule.

Mwishoni nilipaka mlango na madirisha. Nyumba ikawa kahawia nzito, na mlango mwekundu katikati yake. Sijapata kukaa tena katika nyumba iliyopendeza vile.

Lakini ilinuka. Kuta zilikuwa za ubao mmoja tu, na mchana jua likizipiga dawa ilipata moto na harufu ikapenya mpaka ndani, ikaingia kwenye mablanketi, kwenye unga, kwenye nywele. Mtoto tulimwacha kwa jirani usiku wote wa siku zile za kwanza, na mimi nilienda kumnyonyesha hukohuko. Sisi wenyewe tulizoea. Ndivyo pua ilivyo. Baada ya muda haikuambii tena. Tukaona harufu imepungua, tukamrudisha mtoto, tukafungua madirisha mchana kutwa.

Siku moja, karibu na saa sita, nilisikia jirani akiniita. Nikatoka na mikono yenye unga. Mama alikuwa amesimama njiani, na kikapu cha maharage mabichi kichwani, na mdogo wake, mama yangu mdogo, nyuma yake amebeba kuku.

Mavuno yalikuwa bado. Lakini yule mfanyabiashara alikuwa na nafasi kwenye lori lake, na hakujua atashuka tena lini, basi mama akaona heri apande. Waliondoka kwetu alfajiri, wakapita Kanyaruchinya wamefunikwa vumbi, na sasa walikuwa pale. Hapakuwa na njia ya kututumia habari. Nilimkumbatia, nikalia, akanipangusa uso kwa ncha ya kitenge chake. Akamchukua mtoto kutoka mgongoni mwangu na kumtazama muda mrefu sana.

Kisha akaitazama nyumba. Akaingia.

Hakukaa hata muda wa kupoa chakula. Nilimwona akigusa kifua, halafu kikohozi kikaanza. Mama alikuwa na kifua kibovu tangu zamani. Alikuwa amepika katika moshi maisha yake yote, na wakati wa baridi ya kule juu tulikuwa tukimsikia akikohoa mpaka asubuhi. Lakini kikohozi hiki kilikuwa kingine. Kilimkata pumzi. Macho yalimtoka machozi. Nilimtoa nje, nikamketisha kwenye kivuli, akatulia. Tukajaribu tena kumwingiza, kikarudi.

Bwana yangu alikuta hali hiyo alipotoka kazini. Kwa desturi ya kwetu mkwe hamkaribii mama wa mke wake hovyo. Anamsalimu kwa mbali, macho chini. Alisimama karibu na uzio, kofia mkononi.

"Karibu, mama," alisema kwa Kiswahili, kwa kuwa hakujua Kinyarwanda cha kutosha. "Nyumba ni yako."

"Asante, mutoto," alijibu mama, naye kwa Kiswahili chake cha sokoni. Akataka kuongeza neno, lakini kikohozi kikampokonya.

Tulimtafutia mahali pa kulala. Kwa jirani walikuwa wamejaa. Mama mwenyewe akanyoosha kidole kwenye jiko, kile kibanda cha matete nyuma ya nyumba, ambacho hakikupakwa kitu.

"Hapana, mama," nilimwambia. "Huko ni moshi."

"Moshi tunajuana," alisema. "Hii dawa yenu sijaijua."

Alisema hivyo kwa upole, hata kwa utani. Lakini bwana yangu hakusikia utani. Alitoa mlango wa chumba chetu kwenye bawaba zake, akaulaza jikoni uwe kitanda, akatandika juu yake godoro letu na mablanketi yaliyokuwa yameanikwa kwa jirani. Alifanya yote hayo bila kuinua macho. Mama mkwe wake alikuwa amekuja mara ya kwanza, na alikuwa analala jikoni.

Asubuhi mama alisema atarudi. Lori lilikuwa linapanda tena Rutshuru siku ileile. Nilimsihi akae. Aliniambia kifua hakijatulia, na kwamba mtoto ni mzuri, ana paji la uso la baba yangu. Bwana yangu alikuwa amekwenda bandarini kuomba ruhusa. Aliporudi, mama alikuwa amekwisha kubeba kikapu. Walisimama kwa umbali, kila mmoja akitafuta neno katika lugha isiyokuwa yake.

"Safari njema, mama," alisema.

"Mubaki muzuri," alisema mama.

Akaenda. Mama mdogo akamfuata.

Jioni ile nilimwambia bwana yangu kwamba ni kifua tu, kwamba mama alikuwa hivyo tangu zamani. Alisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mutu anaweza kukohoa," alisema, "na anaweza pia kutafuta sababu ya kwenda. Mimi sijui kwenu. Wewe unajua. Alitaka kulala kwa Munande?"

"Alikuja kwa ajili ya kulala kwako."

"Alikuja kuona mutoto. Ameona."

Hatukulirudia tena. Harufu ikaisha kama alivyokuwa amesema, polepole, na kufikia mwisho wa kiangazi mgeni asingeweza kujua kwamba nyumba ile ilipata kunuka. Dawa ilikuwa imeingia ndani ya mbao, kuta zimekuwa kavu na ngumu. Nilimwambia tumtumie mama neno aje sasa. Alisema, "Tusimusumbue. Akitaka, atasema." Nami niliona ana haki, kwa kuwa mtu aliyefedheheka humsukumi. Nikangoja mama aseme. Msimu ukapita. Wafanyabiashara walileta salamu, maharage, mara moja samli ndani ya kibuyu, lakini neno la kuja halikuja. Nilianza kuamini, kidogo kidogo, kile alichoamini bwana yangu. Nilipata mimba ya pili, na kazi zikawa nyingi.

Wakati wa mvua za mwaka uliofuata tukapata habari kwamba mama amekufa. Kifua kilimwua, katika baridi ya kule juu, kwa siku chache tu. Tulipofika walikuwa wamekwisha kumzika.

Nilikaa matanga na wanawake wa ukoo. Bwana yangu alikaa na wanaume nje kwenye majani, mgeni kati ya wajomba zangu, akichonga mpini wa jembe uliovunjika ili mikono ipate kazi. Siku moja mama mdogo alikuja kuketi kando yangu. Nilikuwa sijazungumza naye peke yetu tangu ile safari yao.

"Dada aliipenda sana nyumba yenu," aliniambia.

Nilidhani ananiliwaza.

"Njia nzima kwenye lori alikuwa akiisema," aliendelea. "Alisema, nimepitisha mikono yangu ukutani na sikuona mahali palipoachwa. Hata nyuma, kwa choo, amepaka. Alisema mwanamume anayepaka ukuta wa choo hivyo hatamtesa mtoto wangu. Na ule mlango mwekundu, alipofika hapa aliwasimulia watu wote."

"Kwa nini hakurudi?"

Mama mdogo alinishangaa. "Angerudije bila kuitwa? Mama mkwe hajipeleki kwa mkwe wake. Mara ya kwanza alikuja kwa sababu ya mjukuu, na akaona amewatia aibu, amekataa kulala ndani, amewafanya mng'oe mlango. Alisema, mkwe wangu amekasirika, hakuniangalia hata machoni. Nitangoja waniite harufu ikiisha. Kila lori likipanda alikuwa anauliza kama mmeleta neno."

Nilitazama nje, nikamwona bwana yangu ameinama juu ya ule mpini, na sikujua kama nimwambie.

Nilimwambia tulipokuwa tunarudi Goma, nyuma ya lori, kati ya magunia. Nilimweleza yote kama nilivyoelezwa. Alijibu tulipokuwa tumeanza kuteremka na ziwa limeonekana chini.

"Sikumuangalia machoni," alisema, "kwa sababu uliniambia kwenu mukwe haangalii."

"Ndiyo. Na mama alijua hivyo. Lakini alikuwa ametahayari, akasahau."

"Njo hivyo," alisema. "Njo hivyo tu." Akageuza uso upande wa pili, na mimi sikumgeuza.

Kuta zile hazikuhitaji kupakwa tena kwa miaka mingi; kazi yake ilidumu kama alivyoahidi. Mara nyingi nilitamani zisingedumu. Nilitamani tungekuwa tumechukua ule uzuri wa mwaka mmoja na kuanza upya kila kiangazi, mama akiwa ndani ya nyumba, mtoto mapajani mwake. Lakini nani angejua kuchagua hivyo, mbele ya vipande viwili vya ubao, kimoja kimeoza pembe na kingine kizima?

Mtoto wa pili alipozaliwa, bwana yangu mwenyewe ndiye aliyetuma neno kwa mama mdogo aje. Alilituma kwa madereva watatu tofauti, akiogopa mmoja atasahau. Mama mdogo alikuja akakaa nasi mwezi mzima. Siku za kwanza bwana yangu alimkalia mbali, kama desturi inavyotaka. Baadaye, jioni, alikuwa akileta kiti chake karibu kuliko inavyofaa, nami nikiwa jikoni nilimsikia akiuliza kwa Kinyarwanda chake kibovu, alichokuwa amekwisha kuanza kujifunza. Aliuliza mama alikuwa mtu wa namna gani akiwa msichana, alipenda kula nini, na kama alikuwa akiimba. Mama mdogo alimjibu kwa urefu, akirudia polepole maneno aliyoona hayaelewi. Alimweleza jinsi dada yake alivyokuwa akimwiga padri mnene wa misheni mpaka watu wakaanguka chini kwa kicheko, na nikamsikia bwana yangu akicheka, kisha akaomba aelezwe tena.